Mbegu za homoni zisikose wenzao wa maji matupu

Vijana mnaoanza majaribio ya mbegu kwenye mashamba ya chumvi, nawaomba jambo moja kabla ya yote. Kila ukiloweka mbegu kwenye homoni ya kukuza mimea, kama jiberelini, loweka fungu la pili kwenye maji matupu kwa saa zilezile, na la tatu libaki kavu. Wengi hulinganisha homoni na mbegu kavu tu. Mahindi yakitoka mapema wanaisifu dawa, kumbe kazi kubwa imefanywa na maji, na maji mkulima anayo nyumbani kwake.

Chumvi hufanya mbegu ipate taabu kuvuta maji udongoni, na sodiamu ikizidi ndani ya mche huudhuru. Mbegu iliyokwishakunywa maji huingia shambani ikiwa mbele. Jiberelini inaongezea hapo: huchochea vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa punje kuwa sukari ya kulisha kiinitete.

Asidi ya jibereliki, ambayo ni aina ya jiberelini, ni unga usioyeyuka upesi majini. Yeyusha kwanza miligramu 100 kwa matone machache ya etanoli (alkoholi), kisha jaza maji hadi lita moja. Matone hayohayo yatie pia kwenye fungu la maji, la sivyo hutajua etanoli imefanya nini. Na usizidishe kipimo. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kuwa majimaji ya kuvu fulani hurefusha miche ya mpunga kupita kiasi. Humo ndimo jiberelini ilimotoka. Mche mrefu, mwembamba na uliopauka usikufurahishe.

Mahindi yaloweke usiku mmoja, saa 12 hadi 16. Mtama saa 8 hadi 10 unatosha. Anika kivulini mpaka punje ziteleze vidoleni bila kugandana, upande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Chunguza punje kwa karibu: ukiona ncha nyeupe ya mzizi imeshachungulia, umechelewa. Ukiianika hiyo, ncha inakauka na punje imekwenda.

Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ya rangi usiiloweke kabisa. Dawa hutoka, na maji yanayobaki ni sumu kwa kuku na watoto. Tafuta isiyopakwa.

Pima udongo mapema. Mahindi huanza kupoteza mavuno chumvi ikipita takriban 1.7 dS/m (kipimo cha chumvi ya udongo), mtama hustahimili hadi karibu 6.8. Kwenye shamba la kipimo cha 5, mimi ningemshauri mkulima abadili zao kabla ya kununua homoni yoyote, kwa kuwa homoni haiondoi chumvi. Huondolewa na maji ya kutosha na mifereji inayotoa maji shambani.

Mkishahesabu miche iliyoota, msifunge daftari. Rudini baada ya wiki tatu mhesabu tena iliyo hai, kwa sababu chumvi huua mingi ikiwa imeshatoka ardhini, kisha mpime na mavuno.