Mbona wasiuze tu hisa? Jibu la aliyekuwa mdhamini wa pensheni, Malindi

Ndugu yangu uliyeuliza mbona mifuko ya pensheni isiuze tu hisa za kampuni inayonyanyasa wafanyikazi, ntakujibu kwa niliyoyaona, nilikuwa mdhamini (trustee, anayesimamia pesa za wanachama) wa skimu ya pensheni ya wafanyikazi wa hoteli hapa Malindi, wale wa kuchaguliwa na wanachama sio wa kuletwa na mwajiri.

Ukishauza huna neno tena. Hisa anachukua mwengine ambaye pengine hajali kabisa, na pesa zenyewe zapita baina yenu nyie wawili pale sokoni, kampuni haiguswi. Ukibaki nazo una kura.

Sasa hapa ndo penye kazi. Mdhamini haendi kupiga kura mwenyewe, hisa ziko kwa benki mtunzaji na anayezisimamia ni meneja wa fandi, sheria ndo yataka hivo. Kwetu sisi kwa vile hatukuwa tumemwambia kitu alikuwa akipiga ndio kila ajenda, wakurugenzi walewale marupurupu yaleyale, na ripoti ya robo mwaka yaja imejaa faida tu, habari ya kura hamna.

Kulikuwa na kampuni moja iko soko la hisa Nairobi (siitaji), vibarua wake wanakaa miaka hawaandikwi kazi ya kudumu. Mama mmoja mwanachama akasimama kwenye mkutano wetu akauliza pesa zetu zafanya nini huko, na sisi wenyewe wageni wakipungua twafukuzwa vivo hivo? Watu makofi. Tukaingiza kwenye sera ya uwekezaji kwamba twataka ripoti ya kura, na meneja aiandikie kampuni: vibarua wangapi, wana muda gani, nani kwenye bodi anahusika.

Jibu la kwanza lilikuwa maneno matamu bila namba hata moja. Kilichosaidia ni meneja kukusanya skimu zengine zilizo na hisa mle wakaenda pamoja, kimyakimya bila magazeti, na kudokeza kwamba mwenyekiti wa kampuni asitegemee kura zetu. Mwaka uliofuata idadi ikachapishwa na baadhi wakaandikwa. Sio wote, tusidanganyane.

Wingi wa hisa sio kila kitu lakini. 2021 kule Marekani kafandi kaitwako Engine No. 1, kana kama asilimia 0.02 ya hisa za kampuni ya mafuta ya Exxon, kaliingiza wakurugenzi watatu kwenye bodi, manake wenye hisa wakubwa, mameneja wa fandi kina BlackRock, walikaunga mkono. Huku kwetu CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, ilitoa kanuni za wawekezaji wa taasisi 2017, zasema ufuatilie kampuni, upige kura na useme ulivopiga. Nzuri, ila ni hiari.

Na wewe wa Lamu uliyesema wenye hisa hawakufanya kitu kwa mradi wa makaa ya mawe pale Kwasasi: Amu Power, kampuni yenye mradi, haikuwa sokoni, ungeenda mkutano gani? Wananchi walipita mahakama ya mazingira, leseni ikafutwa Juni 2019, halafu wenye pesa wakaanza kutoka, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitii hela, 2020 benki ya ICBC ya China nayo ikajitoa. Kampuni isiyo sokoni mbane anayeikopesha.

Skimu yako ikiita mkutano wa mwaka omba ripoti ya kura, sio ya faida peke yake. Wakikwambia haipo, uliza sera ya uwekezaji yasemaje na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.