Oili chafu kwenye nguzo za kijumba cha mtoto

Ndugu uliyeuliza kama upake oili chafu kuzuia mchwa kwenye nguzo za kijumba cha kuchezea unachojenga na binti yako: hapana, usipake. Mchwa itawapunguza kwa muda, lakini oili iliyotoka kwenye injini ina metali nzito na kemikali za mwako zinazoweza kusababisha saratani, na hupenya kwenye ngozi. Mtoto wa miaka minne anaishika nguzo kwa viganja, kisha vidole vinaenda mdomoni.

Mimi ni seremala hapa Nyegezi, na nguzo za watoto sichimbii ardhini kabisa. Mawe Mwanza tunayo ya kutosha: mwaga zege juu ya jiwe, simamisha bamba la chuma ndani yake, funga nguzo kwa bolti ikae juu ya udongo kama shibiri moja. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, na utaiona. Mpe binti kazi ya kuikwangua kwa kijiti, ataipenda sana. Usiache kuweka bamba, maana upepo wa ziwa ukija na mvua unang'oa kila kisichofungwa.

Nguzo za kijani zilizotiwa dawa, uliza kwanza ni dawa gani. CCA, aina mojawapo ya dawa za kuhifadhi mbao, ina aseniki, ambayo ni sumu, na Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za vifaa vya michezo ya watoto mwishoni mwa 2003. Kama umeshazinunua, zipige rangi ya mafuta, na vipande vilivyobaki visiende jikoni kuwa kuni: moshi na majivu yake ni sumu.