Kurudishia mashine ya kukausha nguo baada ya kuifungua: pipa linakwaruza na skrubu zimebaki

Mkuu, nimekusoma. Umebadilisha mkanda mwenyewe, umerudishia kila kitu, sasa pipa linakwaruza, mlango unafunga kwa shida, na mezani kuna skrubu hazina mwenyewe. Waliokushauri ufungue tena na "kurudi nyuma hatua kwa hatua" hawajakosea, ila ushauri huo ni nusu tu. Mashine za namna hii nimezifungua na kuzifunga sana, yangu na za ndugu, na kitu kimoja nina hakika nacho: kufunga si kufungua kinyumenyume. Wakati wa kufungua kila kitu kilikuwa mahali pake na ulikuwa unakitoa tu. Wakati wa kufunga, pipa linaning'inia halina pa kuegemea, mkanda umelegea, na paneli ya mbele ndiyo inayotakiwa kulibeba pipa hilo hilo linalokuzuia kuifunga. Malalamiko yako mawili ya kwanza yananukia paneli ya mbele, skrubu tutazifikia. Ngoja nieleze ninavyofanya mimi.

Kabla ya yote, plagi itoke ukutani. Swichi ya ukutani pekee haitoshi. Kama mota yako ina kapasita (kile kikopo chenye waya mbili), usishike vichwa vyake kwa vidole, kinaweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umekatwa. Na kama mashine ni ya gesi, au ni ile inayokausha kwa kompresa kama friji, kazi yako iishie kwenye mkanda, pipa na vichujio. Mabomba ya gesi na mfumo wa kompresa muachie fundi mwenye vifaa vyake. Baadhi ya hizo za kompresa hutumia R290, ambayo ni propani, na inashika moto.

Sasa toa kifuniko cha juu na paneli ya mbele. Usitoe pipa kwanza, liangalie lilivyokaa. Kwenye mashine nyingi, nyuma pipa limeshikwa na shafti inayoingia kwenye beringi, au limelala juu ya viroli (vigurudumu vidogo) viwili. Mbele halina shafti. Linabebwa na ukingo wa paneli ya mbele, wenye vipande vya plastiki vya kutelezea au viroli vidogo, na kuzunguka ukingo huo kuna ukanda wa felti (kitambaa kinene kinachoziba pengo). Ndiyo maana ukitoa paneli, pipa linainama mbele. Mtu akijaribu kurudisha paneli huku pipa limeinama, mdomo wa pipa unaukunja ule ukanda wa felti kuelekea ndani na kuubana. Paneli itafika mahali pake ukiilazimisha, skrubu zitaingia, lakini itakuwa imekaa upande. Hapo mlango hauendani na kitasa chake na pipa linakwaruza. Wewe unadhani umekosea mkanda, kumbe mkanda hauna kosa.

Dawa yake ni kipande cha mbao au nguo nzito iliyokunjwa chini ya mdomo wa pipa, kulinyanyua mpaka likae sawa na ukingo. Kuna wanaolishikilia kwa goti huku mikono miwili iko kwenye paneli. Mimi siwezi kuwashauri hivyo, maana pipa likiteleza unakata waya wa swichi ya mlango, na kingo za bati hilo zinachana mkono vizuri sana. Vaa glavu.

Mkanda unapaswa kumalizwa kabla ya paneli ya mbele kurudi. Una uso wenye mifereji na mgongo laini. Mifereji inalala juu ya pipa na kwenye puli ya mota, na ile puli ya kukaza, yenye springi au mkono wake, inasukuma mgongo laini. Ukiutazama kwa pembeni, mkanda unapita kwa kujipinda kama herufi Z kati ya puli hizo mbili. Kama wako umezunguka puli ya mota moja kwa moja bila kuguswa na puli ya kukaza, utateleza mara tu ukiweka nguo zenye maji, hata kama pipa tupu linazunguka vizuri. Angalia pia mkono wa puli ya kukaza. Kwenye mashine nyingine umechomekwa tu kwenye tundu la sakafu ya mashine na kinachoushikilia ni mvuto wa mkanda wenyewe, kwa hiyo mkanda ukitoka nao unaanguka, na mtu akifunga anaurudisha umegeuka. Kuna mashine vilevile ambazo hazina puli ya kukaza kabisa. Mkanda wake unanyumbuka, unaanza kuuvalisha kwenye puli ya mota kidogo kisha unazungusha pipa mpaka uingie wote.

Mahali mkanda unapopita juu ya pipa pasikusumbue. Futa vumbi utaona mstari, ama unang'aa ama mweusi, uliochorwa na mkanda wa zamani. Weka mpya hapo hapo. Kisha zungusha pipa kwa mkono, taratibu, mizunguko kadhaa, huku macho yako yako kwenye puli. Mkanda ukitembea kwenda pembeni, umejipinda mahali au puli ya kukaza imelala upande. Usiendelee na hatua yoyote mpaka utulie kwenye mstari wake.

Nasisitiza hili la mkono kwa sababu watu wengi hukimbilia umeme. Mkono wako unasikia mambo ambayo mota itayaficha kwa nguvu zake. Pipa lililokaa sawa linazunguka kwa uzito uleule mzunguko mzima. Likiwa zito mahali pamoja kila linapofika hapo, kuna kitu kinagusa: felti imekunjwa, skrubu ndefu imetokeza ndani, au waya umeegemea bati.

Baada ya hapo ndipo paneli ya mbele. Kabla hujaiinua, unganisha soketi ya swichi ya mlango, na ya taa kama ipo, kwa sababu ukishafunga hutafikia. Swichi hiyo ikisahaulika mashine itakaa kimya kabisa, na mtu ataanza kushuku bodi ya kielektroniki. Ning'iniza paneli kwenye vishikio vyake vya chini au vya juu, kutegemea mashine yako, weka skrubu zote lakini usikaze hata moja. Sasa rudi kwenye felti. Chukua kadi ya zamani ya plastiki, isiwe bisibisi, ingiza kati ya mdomo wa pipa na ukingo, kisha mtu mwingine azungushe pipa polepole kuelekea upande linaozungukia kawaida. Kadi inakaa pale pale, pipa linapita, na felti iliyokunjwa inajitokeza yenyewe. Ukimaliza mzunguko mzima bila kadi kukwama, funga mlango uone kama kitasa kinalingana. Kikilingana, kaza skrubu kwa zamu, pande zinazotazamana, kidogo kidogo.

Felti iliyochanika au iliyobanduka usiifiche tu ndani ukafunga. Pengo likibaki pale, vijinguo vidogo vinavutwa na kuchanika, nguo nyingine zinatoka na mistari myeusi, na vumbi la nguo linapita kwenda ndani ya kabati la mashine, karibu na hita. Hilo la mwisho ndilo linaloanzisha moto. Gundi yake iwe ya kuvumilia joto. Gundi ya kawaida inalainika mapema sana.

Kuna sehemu nyingine nyuma ya paneli ya mbele ambayo haionekani ukiwa umesimama: mdomo wa njia ya hewa kutoka kwenye kichujio kwenda kwenye feni. Unatakiwa ukae juu ya sponji au mpira wake bila nafasi. Ukikaa upande, mashine itafanya kazi, joto litakuwepo, ila nguo zitachukua muda mrefu kupita kawaida na utakuta unyevu na vumbi ndani ya kabati. Pitisha kidole kuzunguka kiungo hicho kabla ya kukaza. Na kwa kuwa umeshafungua, toa vumbi la nguo lote kwenye njia ya hewa, kwenye feni na chini ya pipa. Kama fyuzi ya joto ilikuwa imekatika, karibu kila mara sababu ni hewa kutopita. Fyuzi hiyo haijirudishi, inabadilishwa. Ukimwona mtu anaipitisha kwa kipande cha waya "kwa muda tu", mtoe bisibisi mkononi.

Tuje kwenye skrubu zako. Zilizobaki mara nyingi hutoka sehemu tatu: ndani ya tundu la kichujio (zipo skrubu zinazoshikilia kifuniko cha juu au paneli, hazionekani mpaka utoe kichujio), chini ya ubao wa vitufe, na nyuma kabisa kwenye kona za kifuniko cha juu. Zikague kwa urefu na ncha. Yenye ncha kali ni ya kujichimbia kwenye bati, butu ni ya kuingia kwenye nati au plastiki iliyotobolewa. Usiweke ndefu mahali pa fupi kwa sababu tu imeingia. Karibu na pipa itakwaruza, karibu na waya itatoboa ngozi ya waya na kuweka umeme kwenye kabati zima. Na unapoirudisha ya kujichimbia, izungushe kwanza kinyume mpaka uisikie ikidondoka kwenye mfereji wake wa zamani, ndipo uikaze kwa mkono. Bati ni jembamba, drili ya umeme inaua tundu mara moja.

Umeme sasa. Vichwa vya waya vya kusukuma, vile bapa, viingie mpaka mwisho na vikatae kutoka ukivuta kidogo. Kilicholegea kwenye hita kinapata joto, kinakuwa cheusi, kisha kinaungua pamoja na plastiki ya jirani. Kikiwa kimelegea kibane kwa koleo kabla ya kukirudisha, na kikiwa kimeshaungua kibadilishe pamoja na kipande cha waya kilichokakamaa. Waya za hita zisiguse hita wala pipa, zirudishe kwenye vibanio vyake vya awali. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, mara nyingi unafunguliwa pamoja na kifuniko au paneli ya nyuma, na kwa kuwa mashine inafanya kazi bila huo, unasahaulika kirahisi. Urudishe kwenye bati tupu lisilo na rangi, pamoja na kile kipete chake chenye meno (washa) kinachokaa chini ya skrubu.

Ukiwa na multimita, plagi ikiwa nje: pima kutoka pini ya ethi ya plagi mpaka kwenye bati tupu la kabati, usome chini ya omu 1. Pima hita kati ya vichwa vyake viwili, ukiwa umetoa waya moja. Hita ya wati 2000 hadi 2500 kwenye volti 230 inasoma takriban omu 26 hadi 21. Kisha pima kutoka kichwa cha hita mpaka kabati: isisome chochote, yaani pasiwe na muunganiko. Ikisoma, hita imegusa bati, usiwashe.

Jaribio la kwanza fanya bila nguo na bila joto, programu ya hewa baridi, paneli zote zikiwa zimefungwa. Mkanda mpya uliokuwa umekunjwa kwenye pakiti hugonga kidogo mwanzoni, halafu unanyamaza. Mlio mkali wa kulia kama filimbi ni puli ya kukaza au kiroli kilichokauka. Usipulizie mafuta, yatarukia felti na mkanda, badilisha kiroli. Mota ikivuma na pipa limesimama, zima haraka, mkanda umetoka. Kama ni shwari, weka taulo zenye unyevu na joto la kawaida, na ukae karibu nayo mpaka imalize. Hita mpya inaweza kutoa harufu ya vumbi kwa muda mfupi. Harufu ya plastiki ni kuzima na kufungua tena.

Unapoisukuma kurudi ukutani, angalia bomba la hewa lisibanwe nyuma yake, na viungo vya bomba visifungwe kwa skrubu zinazotokeza ndani kwa sababu zinakusanya vumbi la nguo. Tepu ya alumini inatosha.

Kwa hiyo kwako mkuu, ningelegeza skrubu za paneli ya mbele tu kwanza, bila kugusa mkanda, nikapitisha kadi kwenye felti, nikatazama kitasa. Mkwaruzo ukiisha, mkanda wako ulikuwa sawa tangu mwanzo. Usipoisha, toa paneli, piga picha ya puli mbili kutoka pembeni uiweke hapa, na utuambie pipa lako nyuma lina shafti au viroli.