Honda ya zamani, inawaka kwa choki tu

Ami, umesema pikipiki yako ya Honda ililala miezi minne hapo Wete, na sasa ukiitoa choki (kile kibano cha hewa cha kuwashia) inazima. Plagi iache kwanza. Mie nashuku jeti ndogo ya kabureta, kile kijitundu kinachopitisha petroli injini ikinguruma taratibu bila kuvuta mafuta. Petroli ikilala hugeuka gundi na tundu la jeti ni jembamba mno. Funga petroli, fungua bakuli la chini ya kabureta. Ukikuta matone ya maji, kasafishe na tangi pia. Jeti ni laini, tafuta bisibisi inayoenea. Iroweke, ipulize kwa upepo wa pampu. Waya usitie! Yangu niliichokonoa kwa waya, tundu likapanuka, ikawa inakunywa mafuta vibaya sana. Uzi mwembamba wa mshipi wa kuvulia unatosha. Skurubu ya hewa, hesabu mizunguko kabla hujaitoa, uje uirudishe pale pale.