Mita 200 za kuruka ni za usawa wa bahari

Mkuu, umeuliza kama mita 200 za kukimbia ardhini kabla ya kuruka, zile za kwenye kitabu cha ndege yako ya kuunga nyumbani, zitatosha hapa Dodoma. Hapana, usizitegemee. Zinahesabiwa kwa usawa wa bahari na joto la nyuzi 15. Uwanja wetu uko karibu mita 1,120 juu. Mchana wa Oktoba joto likigonga 30, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajiona iko mita 1,900 hivi. Injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 80 hapo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu, na bawa nalo linataka mwendo zaidi kama asilimia 10 ndipo linyanyuke.

Hesabu hiyo niliipiga tukigonga ribiti za bawa uani kwa kaka, Nkuhungu. Saa saba mchana bati hulishiki bila kitambaa, ndiyo hewa hiyohiyo unayotaka ikubebe!

Rotax 914 yenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, itakurudishia nguvu za injini, ila bawa halina turbo. Ruka saa kumi na mbili asubuhi hewa ikiwa bado baridi, tangi la mafuta nusu ili ndege iwe nyepesi.