Mlima Haukufundishi Kutembea Tambarare

Jioni ya siku ya kwanza, katika mji wa Vila do Conde kaskazini mwa Ureno, nilivua buti nikakuta malengelenge manne: mawili kwenye visigino, mawili chini ya vidole gumba. Nina miaka 12 mlimani Kilimanjaro. Mitano ya mwanzo nilibeba mizigo, saba iliyofuata naongoza wageni, na muda wote huo sijawahi kutoka geti la Mweka nikiwa na lengelenge hata moja. Ndiyo maana nilipoamua kwenda hija ya Mtakatifu Yakobo kwa njia ya pwani, kutoka Porto hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, niliwaza nauli, niliwaza visa, niliwaza lugha. Miguu sikuiwaza kabisa.

Naandika haya kwa watu wa Moshi na vijiji vyake, hasa wenzangu wa mlimani. Tangu nirudi watu wananiuliza, na karibu kila mmoja anaanza na maneno yaleyale: "Wewe umezoea mlima, ile kwako ilikuwa mteremko." Haikuwa mteremko, na ningependa atakayefuata asijifunze kwa maumivu kama mimi.

Kwanza njia yenyewe. Ni kama kilomita 280. Unaanzia kanisa kuu la Porto, unashuka na mto Douro mpaka unapoingia baharini, halafu unashika kaskazini. Kuanzia hapo Atlantiki iko mkono wako wa kushoto, siku baada ya siku. Unapita Póvoa de Varzim, Esposende na Viana do Castelo hadi Caminha, unavuka mto Minho kwa boti, na ng'ambo ni Hispania. Huko kuna A Guarda, Oia, Baiona na Vigo. Ukifika Redondela unaungana na mahujaji waliokuja kwa njia ya bara, mnakwenda pamoja kupitia Pontevedra na Padrón mpaka Santiago. Mishale ya njano imechorwa kwenye kuta, nguzo na mawe. Nilipotea mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nimeinamia simu.

Sasa miguu. Njia nzima ya Machame, kupanda na kushuka, ni kilomita 60 na kidogo, na tunaigawa siku sita au saba. Mimi siku ya kwanza peke yake nilipiga zaidi ya 30 kwa kujiamini. Lakini umbali haukuwa tatizo kubwa kuliko aina ya ardhi. Mlimani hakuna hatua mbili zinazofanana: hapa jiwe, pale mzizi, hapa unapanda, pale unateleza kwenye changarawe, na kila hatua inaamsha msuli mwingine na kugusa sehemu nyingine ya unyayo. Pwani ni hatua ileile moja unayoirudia mara elfu arobaini kwa siku. Ngozi inasuguliwa palepale, goti linagongwa palepale. Sehemu za mbao zilizojengwa juu ya michanga ya ufukwe zinapendeza na hazichoshi sana. Kinachoua ni lami, na zaidi ya lami ni yale mawe ya kuchongwa wanayopanga kwenye barabara za vijiji vya Ureno. Buti langu la mlimani, lenye soli ngumu niliyoipenda kwa ajili ya miamba ya Barranco, juu ya mawe yale lilikuwa kama ubao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usijiandae kwa kupanda Marangu. Jiandae kwa kushuka. Chukua barabara ya TPC, ile inayoingia kwenye miwa, tambarare na ngumu, na utembee kilomita 15 kwenda tu, na mzigo wako mgongoni. Kesho yake tembea tena, hata kama umechoka, maana mwili unatakiwa ujifunze kuamka na kuanza upya ukiwa bado unauma. Fanya hivyo kila mwisho wa wiki kwa miezi mitatu. Viatu chukua raba nyepesi za kutembelea, zikuzidi nusu namba, kwa sababu mguu unavimba. Mimi nilizipata mitumbani, soko la Memorial, na zikanifaa kuliko buti lililonigharimu bakshishi za safari mbili. Ila usizivae kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege. Zivae hapa mpaka zikuzoee.

Na ukisikia joto sehemu moja ya mguu, simama papo hapo. Usiseme nitafika kwanza. Joto lile ndilo lengelenge kabla halijazaliwa: vua soksi, kausha, bandika plasta, badili soksi, endelea. Dakika tano. Mimi sikusimama, kwa sababu mlimani kiongozi hasimamishi kundi kwa ajili ya mguu wake, na mazoea yale yakanigharimu siku nzima kitandani. Viana do Castelo, mama mmoja mhudumu wa hosteli ya mahujaji aliitazama miguu yangu, akatikisa kichwa, akaleta beseni la maji ya chumvi. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini alinionyesha kwa vidole: kesho, hapana. Nikamtii.

Mzigo nao una somo lake. Getini kwetu mzigo wa mpagazi unapimwa, kilo 20, na nimebeba kilo 20 nikiimba. Nikadhani kilo 11 ni mchezo. Sasa fikiria: mlimani unabeba, unafika kambini, kazi imeisha, na wiki ikiisha uko nyumbani. Kule ni siku 13 mfululizo kwenye lami, na kila kilo inashukia kwenye visigino vilevile. Kanuni ya mahujaji ni mzigo usiozidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Mimi nina kilo 68, kwa hiyo nilipaswa kubeba saba hivi. Nguo seti mbili, moja mwilini na moja begini, koti la mvua, begi jepesi la kulalia, dawa, sabuni. Basi.

Mama alikuwa amenifungia kilo mbili za unga wa ugali, na nani atamkatalia mama? Jioni ya pili, karibu na Esposende, tuliusonga wote kwenye jiko la hosteli, tukala na dagaa wakubwa wa kuchoma. Mwitaliano mmoja alisema ni chakula cha bibi yake. Furaha ilikuwa kubwa, lakini unga mwachie mama. Ureno kuna wali, samaki, maharage na supu ya mboga kila mahali. Hutakufa njaa.

Kuhusu upepo sikuwa nimeonywa na mtu. Kuanzia mchana, hasa siku za jua, upepo wa kaskazini unavuma kando ya pwani ile. Wareno wanauita nortada. Wewe unakwenda kaskazini, kwa hiyo unakupiga usoni. Unakupunguzia mwendo, unapandisha mchanga, na kibaya zaidi unakupoza usihisi jua. Jua lenyewe liko nyuma yako, upande wa kusini, linakuchoma shingo huku uso ukisikia baridi. Weusi wa ngozi usikudanganye: midomo yangu ilipasuka kama niko kambi ya Barafu kule mlimani. Funga kitambaa shingoni, beba mafuta ya midomo, na anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi ili saa saba au nane mchana uwe umefika. Kufika mapema kuna faida nyingine: hosteli nyingi za umma hazipokei nafasi za simu. Anayetangulia ndiye anayelala, na ni usiku mmoja tu.

Visa inahitaji utulivu. Wengi wanadhani ukitua Porto unaomba visa ya Ureno. Sheria ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye visa ya pamoja, ni kwamba unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, popote utakapotua. Hesabu usiku wako: kwa mwendo wa kawaida unalala Ureno mara tano au sita, na Hispania mara saba au zaidi ukijumlisha Santiago. Kwa hesabu hiyo ombi langu lilikwenda Hispania, ambayo ina ubalozi Dar es Salaam. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usisubiri mwezi wa mwisho. Ada kwa sasa ni euro 90, na bima ya matibabu lazima ifikie euro 30,000. Sisi tunaolipwa bakshishi mkononi tuna udhaifu mmoja: hela inaingia mfukoni na kuishia mfukoni, benki haijui kama upo. Anza kuipitisha benki mwaka mzima kabla. Njiani mimi nilitumia kati ya euro 35 na 40 kwa siku, nikilala hosteli za mahujaji.

Wakati mzuri kwetu ni Mei. Masika inapiga, wageni wamepungua mlimani, hupotezi kazi. Kule ndiyo majira ya kuchipua, ubaridi kiasi, ingawa Galicia, mkoa ule wa Hispania, mvua yake haina msimu. Kama unaufikiria mwaka 2027, ujue ni Mwaka Mtakatifu wa Yakobo, kwa kuwa sikukuu yake, tarehe 25 Julai, inaangukia Jumapili. Neema ni kubwa na umati pia. Mwaka 2024 nilipokwenda, ambao haukuwa Mwaka Mtakatifu, karibu mahujaji 500,000 walipokelewa Santiago.

Mambo madogo, haraka. Ukivuka Minho saa inaruka mbele saa moja. Nilichelewa misa ya Jumapili A Guarda kwa kutojua. Kitabu cha mhujaji, credencial, gongesha mhuri kila siku, na kilomita 100 za mwisho angalau mihuri miwili kwa siku, la sivyo hupati cheti cha hija. Asiye na wiki mbili anaweza kuanzia Vigo, ambako zimebaki kama 100, na cheti anapata. Caldas de Reis kuna chemchemi ya maji moto katikati ya mji: tumbukiza miguu, usione haya, wote wanafanya hivyo. Santiago begi kubwa haliingii kanisani, na chetezo kile kikubwa maarufu hakirushwi kila siku, kwa hiyo usihuzunike usipokiona. Mimi sikukiona.

Kuna faraja moja itakayokupata Mswahili peke yako. Mgahawani Porto nilimsikia mhudumu akisema "mesa", nikageuka. Kisha "bandeira". Kisha "vinho". Meza, bendera, mvinyo: maneno yetu ya kila siku, waliyoyaacha pwani yetu karne nyingi zilizopita. Halafu nikaona kibao kimeandikwa "igreja", maana yake kanisa, na inasemekana ndilo lililotuzalia neno gereza. Nililitafakari hilo kilomita nyingi, nikikumbuka jinsi walivyofika kwetu na mimi nilivyofika kwao, na fimbo mkononi.

Nimeacha la nia mwisho kwa sababu ndilo lililonibeba. Baba yangu alikuwa katekista Kibosho. Kila Jumapili alitembea kwenda kigangoni, mvua au jua, na hakuwahi kulipwa nauli wala kuiomba. Alipofariki nilitaka kutembea kwa ajili yake. Jumuiya yetu iliposikia, watu wakaanza kuniletea nia zao za kuombewa: mtoto anayerudia mtihani, shamba lenye kesi, mwana aliyekwenda machimboni akakata mawasiliano. Nikanunua daftari dogo, nikaandika. Walifika 43.

Nakushauri uzipokee. Hazina uzito begini, na saa nane mchana, upepo usoni na mguu unawaka moto, zinakupa kazi ya kufanya. Nilikuwa nachukua majina matatu au manne kwa siku, nasali rozari moja kwa kila jina, nikimkumbuka mtu na sura yake na nyumba yake. Sadaka za fedha za kupeleka huko usizipokee, zitakuletea maneno. Na jambo moja nililifanya bila kupanga, wewe lipange: pembeni ya kila jina niliandika mahali nilipokuwa wakati namwombea, na hali ya hewa.

Wiki niliyorudi nilipita nyumba kwa nyumba. Bibi mmoja, yule ambaye mwanawe yuko machimboni, alinipokea shikamoo yangu, akanikalisha, akaniletea mtori, na kabla sijamaliza akauliza:

"Mimi ulinitaja wapi, baba?"

Nikafungua daftari. "Oia, bibi. Kuna monasteri ya zamani kando kabisa ya bahari. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

Akafikiri kidogo. "Na bahari ilikuwa upande gani?"

"Kushoto, bibi."

Akatikisa kichwa polepole, akaniomba nimwonyeshe jina lake lilipoandikwa, na ingawa hasomi alilishika kwa kidole muda mrefu.