Usitume hiyo advansi: ingia kwanza chini ya meza

Mkuu, kama hujatuma hiyo advansi ya meza ya pool, usitume. Kama umeshatuma, piga simu sasa hivi wasipakie mzigo.

Umeandika kwamba umepata meza mpya ya pool ya futi 8 huko Kariakoo, miguu ya kuchonga, fimbo na mipira unapewa bure, na muuzaji kakwambia sakafu yake, yaani ule ubapa wa chini ya kitambaa unaotembelewa na mipira, ni "mbao ngumu ya kisasa" kwa kuwa "jiwe ni la klabu, nyumbani halina kazi". Halafu unatuuliza rangi ya kitambaa, taa, aina ya mipira, na kama utaiweka barazani au kwenye kile chumba chako cha mita 5 kwa 4.2 hapo Tegeta. Yaani umeuliza kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Hayo maneno ya jiwe ni la klabu na mimi niliambiwa, karibu neno kwa neno, na mtu aliyekuwa ananiita bosi wangu kila akifungua mdomo.

Hiyo "mbao ngumu ya kisasa" ni MDF. Nenda Keko ukamuulize fundi yeyote wa makabati: ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikakandamizwa kwa joto mpaka zikawa ubao bapa. Kwa kabati la nguo haina ubaya. Lakini fundi huyo huyo atakwambia usiisogeze karibu na sinki, maana inakunywa maji. Na hewa ya Dar ni maji matupu. Kuanzia Machi mpaka Mei unaanika shati jioni, asubuhi unalikuta bado bichi. Sasa fikiria ubao wa namna hiyo, mpana kuliko kitanda, umelala kwenye mihimili michache ya chini, juu yake kuna kitambaa kinachoficha kila kitu, nao unatakiwa ubaki sawasawa kiasi kwamba mpira mzito usipinde njia hata ukitembea polepole. Haiwezekani, mkuu. Siyo suala la bahati.

Meza yangu ya MDF ilikaa vizuri kiangazi kizima, na nilikuwa naipenda, vijana wa jirani walikuwa wanakuja kabla sijafungua geti. Ikaingia masika. Kitu cha kwanza kilionekana kwenye shimo la kona, upande wa dirishani: ukingo wa ubao ulivimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na zile pini zinazoshika kitambaa zikaanza kuchomoka moja moja. Baadaye katikati pakabonyea. Kwa macho huoni chochote. Unaona ukiweka mpira mweupe karibu na ukingo na kuusukuma taratibu kwa kidole: unakwenda vizuri mpaka karibu na nusu ya meza, unaanza kupinda wenyewe kuelekea katikati, unasita, unarudi nyuma kidogo, unatulia palepale mipira mingine yote ilipotulia. Ikifika hapo, anayejua kupiga na asiyejua hata kushika fimbo wanalingana. Hakuna tena mchezo.

Nikampigia muuzaji. "Bosi wangu, meza bado haijazoea nyumba." Akaniambia niite fundi azungushe zile skrubu za miguuni. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo fedha nyingine ilipopotelea. Skrubu za miguu zinainua kona ya meza, basi. Kama sakafu imebonyea katikati, ukiinua kona zote nne unainua na bonde lenyewe likiwa vilevile. Fundi wangu aliweka pimamaji huku, kukawa sawa. Akaweka kule, sawa. Akaweka katikati, lile povu likakimbilia pembeni. Akazungusha tena. Akaweka kabari chini ya mguu. Akashinda pale siku nzima, nikamlipa, na hana kosa lolote, alikuwa ametumwa kunyoosha kitu kisichonyooka.

Muuzaji akaja na jipya: tatizo ni kitambaa, ninunue kizito zaidi. Kwake, bila shaka. Kikatandikwa kitambaa kipya juu ya bonde lilelile. Mara ya mwisho kupokea simu yangu akaniuliza nani aliniambia niweke meza kwenye nyumba yenye unyevu. Dar es Salaam! Nyumba gani ya mji huu haina unyevu mwezi wa nne? Na alikuwa anajua vizuri sana, kwa sababu dukani kwake kiyoyozi kilikuwa kinanguruma kutwa nzima juu ya zile meza, wakati nyumbani kwangu nilishamweleza kuna feni tu. Mtu wa hivi hajakosea, amekudanganya akiwa anakutazama usoni. Siitaji duka maana halinisaidii kitu tena, lakini ukisikia mtu anakwambia meza "itazoea nyumba", jua unaongea na yeye au na ndugu yake wa biashara. Ile meza haikupata mnunuzi hata kwa nusu ya nusu ya bei. Ilivunjwa, miguu yake mizuri sasa imebeba meza ya chakula kwa shemeji yangu Mbagala.

Sasa jiwe. Linaitwa sileti, jamii ileile ya vibao walivyoandikia babu zetu shuleni. Linachimbwa Italia, Brazil na China, linapasuka kwa tabaka bapa, kisha linasuguliwa kwa mashine mpaka linanyooka. Unyevu wa masika haulivimbishi. John Thurston wa London alianza kutumia sileti kwenye meza zake za biliadi mwaka 1826, kabla ya hapo zilikuwa za mbao, na toka wakati huo hakuna aliyepata kitu cha kuliondoa kwenye meza za maana. Kanuni za chama cha dunia cha pool, WPA, zinataka sileti yenye unene usiopungua inchi 1, yaani sentimita 2.54, na tofauti ya usawa isizidi kama nusu milimita kwa urefu wote wa meza. Nusu milimita! Linganisha na MDF iliyovimba kwenye shimo la kona. Kwa nyumbani, sileti ya milimita 19 inatosha kabisa, sikulazimishi inchi nzima.

Na usikubali hoja ya kwamba jiwe ni la klabu. Pita grosari yoyote Sinza au Manzese ujipinde chini ya meza ya kutumbukiza sarafu. Zile ninazozijua mimi zina jiwe, tena pande moja zima. Zinamwagiwa bia, zinakaliwa, zinaburuzwa, zinashinda kwenye baraza lisilo na ukuta, na bado mpira unakwenda ulikotumwa. Hivi nyumbani kwako, unakolipa mwenyewe, ndiko uweke kitu dhaifu kuliko cha grosari?

Kuna na majina ya kukuchanganya. Ukiona Slatron, au neno lolote linalofanana na sileti, usifikiri ndiyo sileti. Slatron ni ubao wa kutengenezwa uliofunikwa plastiki. Muuzaji mjanja atakwambia "ni aina ya sileti" wala hata hatapepesa macho.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, kabla hujashika fimbo, ingia chini ya meza. Lala chali kabisa, washa tochi ya simu. Angalia katikati, kati ya mhimili na mhimili, usiangalie pembeni. Nasema katikati kwa sababu meza nyingi za jiwe zina fremu ya mbao iliyogandishwa kuzunguka ukingo wa chini, ili kitambaa kipate pa kupigiwa pini, kwa hiyo ukiona mbao pembeni usikurupuke kumwita mtu mwizi, na ukiambiwa "unene ni inchi moja" uliza kama ni inchi ya jiwe peke yake au wamepima na hiyo mbao. Weka kiganja. Sileti ni ya baridi, hata mchana wa Februari. Gonga kwa vifundo vya vidole: jiwe linajibu kwa mlio mfupi uliokufa, ubao unadunda. Kama bado una shaka, omba ruhusa ukwaruze kidogo kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Sileti inatoa mstari mweupe na vumbi laini kama la chaki. MDF inatoa nyuzinyuzi za kahawia. Hii nasisitiza kwa sababu wapo wanaopaka ubao rangi ya kijivu upande wa chini, na kwa tochi ya simu, ukiwa na haraka, utaapa ni jiwe.

Uzito nao hausemi uongo. Jiwe la futi 8 lenye unene wa inchi 1 linakaribia kilo 200 lenyewe, bado mbao, miguu na kingo, na meza nzima inaweza kufika kilo 400. Umeandika kwamba muuzaji kasema "vijana wawili wataishusha kwenye kirikuu, nusu saa mmemaliza". Mkuu, hapo alishakwambia ukweli wote, wewe ukasikia habari ya usafiri. Meza ya jiwe haiji imeungwa. Inakuja vipande, jiwe lake mara nyingi likiwa mapande matatu, na fundi anakaa nayo saa kadhaa: anasawazisha fremu, analaza mapande, anayakaza kwa skrubu, anaweka kabari nyembamba mpaka pimamaji litulie kila upande, kisha anaziba maungio kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kukwangua iliyozidi ndipo kitambaa kitandikwe. Nta haitakusumbua, Tabora inatosha kutulisha sisi na jirani zetu. Anayesumbua kupatikana ni fundi, kwa hiyo mtafute kabla ya meza, siyo baada. Waulize wenye klabu wanamtumia nani.

Chumba chako: sehemu ya kuchezea ya futi 8 ni kama sentimita 224 kwa 112, na fimbo ya kawaida ina kama sentimita 147. Jumlisha fimbo moja kila upande unapata mita 5.18 kwa 4.06, hapo hujarudisha mkono nyuma. Kwa urefu chumba chako hakitoshi, utakuwa unagonga ukuta kwa kitako cha fimbo. Futi 7 ni sentimita 198 kwa 99, inaingia kwa kubanana. Chukua futi 7 ya jiwe, hata ikiwa imetumika. Ndiyo, iliyotumika! Kitambaa kinabadilishwa, raba za kingo zinabadilishwa, mashimo yanashonwa upya. Jiwe ambalo halijapasuka lilivyokuwa zamani ndivyo lilivyo leo. Ningekuwa na hela yako mkononi ningeanza na wanaohama nyumba na klabu zinazofunga, Kariakoo ningekwenda mwisho.

Barazani hapana. Jiwe litavumilia, lakini fremu na kingo ni mbao, na kitambaa chenye unyevu kinaufanya mpira uwe mzito. Wacheza biliadi ya bila mashimo wanazipasha moto meza zao kwa chini ili kitambaa kisinyonye unyevu, na huko wanakofanya hivyo siyo pwani ya Bahari ya Hindi.

Mipira ya bure mwachie. Tafuta ya fenoliki, ile plastiki ngumu, Aramith ya Ubelgiji ndiyo inayojulikana, ila hakikisha kwanza meza ni ya mipira ya milimita 57 ya Kimarekani au ya 51 ya Kiingereza, kwa sababu mashimo na kimo cha kingo vinafuata mpira. Na raba za kingo zijaribu hapo hapo dukani: piga mpira kwa nguvu kutoka ncha moja kwenda nyingine. Kanuni za WPA zinataka uende urefu wa meza mara 4 hadi 4 na nusu bila kuruka. Mpira ukikata pumzi baada ya kwenda na kurudi mara moja, raba imekufa. Lakini raba ni ya kubadilisha. Sakafu siyo.

Umesema Jumamosi unarudi dukani. Vaa nguo isiyokuuma kuchafuka. Piga picha ya chini, katikati ya mihimili, na nyingine ya ule mkwaruzo wa ufunguo, uziweke hapa kabla hujalipa hata shilingi. Siku hiyo nitakuwa hewani kuanzia asubuhi. Akikuzuia kuingia chini, toka nje, uniandikie ukiwa kwenye daladala.